Siku Niliyomfuta Inspekta

Afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa Shinyalu, kwa sababu wale wakianza kusimulia wanaongezanga chumvi mpaka chakula hakiliki, na hii yangu haihitaji kuongezewa kitu, aibu yake inatosha hivyo ilivyo. Siku niliyopelekwa kuonekana kwa wakwe, siku ambayo msichana anatakiwa aonekane ana adabu na asikike kidogo sana, mimi nilimwaga mchuzi wa kuku kwa viatu vya mchungaji, nikakimbia miguu mitupu mbele ya baba mkwe, halafu ikatangazwa nyumba nzima ikisikia kwamba mimi ndiye yule mtu. Ni mtu gani, mtajua sasa hivi.

Mimi ni Mwidakho, nimezaliwa upande wa Malinya, na kwetu mtoto anajua majina ya mafahali kabla ya kujua majina ya wajomba zake. Nasema mafahali wa kupigana, wale wanaotolewa asubuhi umande haujakauka, ngoma za isukuti zinalia mbele, watu wanakimbia nyuma na matawi mikononi, na mkifika uwanjani Idakho inasimama huku na Isukha inasimama kule. Isukha ni majirani zetu, tunaoana nao na kuzikana nao, lakini siku ya fahali hatujuani. (Mama alikuwa akiniambia hayo ni mambo ya wanaume, na mimi naitikia ndiyo Mama huku nimeshafika kwa lango.)

Nikiwa chuoni hapa Kakamega mjini nikagundua kuna blogu inayoandika juu ya hayo mapigano, inaitwa Pembe na Vumbi. Jamaa fulani anaweka picha, anaeleza nani alimsukuma nani mpaka wapi, halafu chini yake watu wanaweka maoni. Nikajiandikisha. Sikutumia jina langu la Violet, nikajiita Mwidakho Halisi, na kwa vile nilivyokuwa naandika watu wote wakadhani mimi ni mzee fulani mwenye kitambi na redio ndogo ya kubeba. Sikuwasahihisha.

Wakati huo Isukha walikuwa na fahali mmoja mweusi mwenye doa jeupe kwa uso, jina lake Inspekta, na mimi nilimfanya Inspekta kuwa kazi yangu. Sisi tulikuwa na Mkandarasi. Niliandika kwamba Inspekta hapiganangi, yeye anafika, anakagua uwanja, anarudi nyumbani kuandika ripoti. Kulikuwa na mtu wa Isukha anayejiita Mzee wa Boma, aliyesema fahali ni wake, huyo hakuniacha hata mara moja, akajibu kwamba ripoti iko tayari, imeandikwa kwa mgongo wa Mkandarasi, mgeuzeni msome. Niliandika kwamba huyo ni ng'ombe wa maziwa aliyepotea njia akienda josho, Mzee wa Boma akajibu, basi njoo na ndoo. Na kila nikimaliza kuandika nilikuwa nafunga kwa maneno yale yale: huyo si fahali. Tulibishana hivyo miaka. Nilimaliza chuo, nikapata kazi kwa duka la dawa za mifugo hapo nyuma ya soko, na bado wateja wakikauka naingia pale kumchokoza mzee wa watu. Ilikuwa raha yangu, sitawadanganya.

Halafu nikampata Jairus. Alikuja dukani kununua dawa ya minyoo ya mbuzi, akarudi wiki iliyofuata kununua nyingine, na mbuzi hawaugui minyoo kila wiki, kwa hivyo nikaelewa. Jairus ni mtu wa Isukha, kutoka Shinyalu, fundi wa umeme wa jua, mpole, na mambo ya mafahali hayapendi kabisa, kwa sababu akiwa mtoto, fahali mmoja alimrusha juu ya ua wa michongoma. Alikuwa ameniambia tu kwamba baba yake ni mtu wa ng'ombe. Sasa Shinyalu nani si mtu wa ng'ombe? Sikuuliza zaidi.

Mambo yakawa mazito, siku ya mimi kwenda kuonekana ikapangwa, na siku chache kabla Jairus akanitumia picha za kwao ili nisiende kama kipofu. Hapa ni kwa lango, hapa ni jikoni, hapa ni sebuleni. Na sebuleni, juu ya kochi kubwa, kwenye fremu ya kioo, mahali ambapo nyumba zingine zinaweka picha ya harusi, kulikuwa na picha ya fahali mweusi mwenye doa jeupe kwa uso.

Nikampigia. "Jairus, huyo wa ukutani ni nani?"

"Huyo alikuwa Inspekta, fahali wa Baba," akasema. "Alikufa wakati ule wa mvua. Tafadhali ukifika usimtaje, Baba hajakuwa sawa tangu hapo."

Nilikaa chini kwa magunia ya chakula cha kuku hapo dukani. Mzee wa Boma. Yule niliyemwambia ng'ombe wake ana mgongo wa kitanda cha bweni ndiye baba ya mtu ninayetaka kuolewa naye. Na Mzee Shivachi si baba wa kuchezea, akikataa yeye harusi haipo. Kaka mkubwa wa Jairus aliwahi kuleta msichana kwa hiyo nyumba, msichana akacheka kwa sauti mezani, na mzee akasema tu kwa upole, "Mpelekeni mapema, mvua inakuja." Mvua haikuja. Msichana pia hakurudi. Na mimi nilimpenda Jairus, wacha niseme hivyo bila kuzunguka, nilimpenda mpaka nikawa naona haya kusikia mlio wa pikipiki inayofanana na yake.

Sasa hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Badala ya kumwambia Jairus ukweli tucheke tumalize, nikaamua nitafuta yale maoni. Nani atajua? Na kwa sababu mimi ni mtu wa kuahirisha, nikaahirisha mpaka asubuhi ya siku yenyewe, nikiwa saluni nasukwa na rafiki yangu Nelly, mtu wa Butere, ambaye mkono wake kwa nywele ni mzuri lakini anasuka kwa hasira.

"Futa tu," Nelly akaniambia. "Kama hakuna maneno hakuna kesi."

Nikaingia kwa ile programu ya blogu kwenye simu, nikatafuta mahali pameandikwa Maoni Yangu, na yakaja mengi, yanateremka na kuteremka, mpaka nikajionea aibu. Ningeanza kufuta moja moja tungefika jioni. Lakini juu kulikuwa na kisanduku cha kuchagua yote. Nikachagua yote. Nikabonyeza Futa. Pakatokea maandishi marefu yanayoniuliza kama nina hakika, na hapo hapo Nelly akanivuta kichwa upande ule mwingine, macho yakajaa machozi, nikabonyeza Ndiyo bila kusoma. (Nimeyasoma baadaye, na ninaweza kuyasema nikiwa nimelala: ukifuta maoni yako, majibu ya watu wengine yaliyo chini yake yataondoka pia. Yalikuwa yameandikwa wazi kabisa, kwa herufi nyeusi, si kwamba walificha.)

Kile kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka, kikazunguka, halafu simu ikaniambia bando la intaneti limeisha. Lakini ilikuwa imeshaandika kwamba ombi langu limepokelewa, na mimi nikaelewa kupokelewa ni kumalizika. Nelly akanipiga bega. "Sasa enda uolewe," akasema.

Tukafika Shinyalu mchana, mimi na wajomba zangu wawili na shangazi. Wa kuniongoza alikuwa Mjomba Wycliffe, anaendesha trekta la miwa kule Mayoni, na siku hiyo alikuwa amevaa tai. Kwa lango tukapokelewa na Senge Peris. Kwetu senge ni dada ya baba, na kwa siku kama hiyo yeye ndiye kila kitu, kwa sababu mke wa mtoto na baba mkwe hawasalimiani kwa mkono, hawakai kochi moja, hawaangaliani usoni, na akiwa na neno kwako halikujii moja kwa moja, linapitia kwa senge. Senge Peris ndiye anayetangazanga matangazo ya mazishi kanisani na hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Tena ana tabia moja, chochote kilichoandikwa kikipita mbele ya macho yake anakisoma kwa sauti. Tukiwa tunavuka ua alisoma pakiti ya unga, akasoma fulana ya kijana wa jirani, akasoma nembo ya tangi la maji.

Alichukua mkoba wangu, akaupeleka chumba cha ndani kama inavyofanywa. Simu ilikuwa ndani ya mkoba. Na Jairus, maskini, kwa sababu ananipenda, akapita karibu yangu akaninong'oneza, "Nimekutumia bando, baadaye mpige picha na dada zangu."

Nikamwambia asante. Ndiyo, nilimwambia asante.

Tukaketishwa. Wageni huku, wenyeji kule, Mzee Shivachi kwa kiti chake mbali na mimi, mikono juu ya magoti, na Inspekta ukutani ananiangalia kwa lile doa lake. Mimi macho chini. Kila kitu katika hiyo nyumba kilikuwa kimevalishwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, makochi, viti, stuli, hata redio. Chakula kikaletwa, obusuma, ule ugali wetu, ya wimbi, na ingokho, kuku wa kienyeji, mchuzi unang'aa, na mchungaji wao akasimama kuombea.

Katikati ya maombi ng'ombe akalia sebuleni.

Nasema alilia kabisa, mlio mzima wa ng'ombe, mrefu, ukatoka kwa mfuko wa shati la Mzee Shivachi. Mchungaji akafungua jicho moja, akaendelea. Ng'ombe akalia tena. Mama ya Jairus akasema bila kufungua macho, "Baba Jairus, zima hiyo." Mzee akajaribu kuizima kupitia kwa shati, ikalia mara nyingine, na shangazi yangu akaanza kutetemeka kwa kicheko cha kubana. Mchungaji akafupisha, akasema amina mapema.

"Ni ile ya blogu," Mzee akaeleza wageni, anaona aibu. "Niliiwekea sauti ya ng'ombe nijue mtu akiandika. Lakini leo hakuna pigano, sijui ni nini." Akavaa miwani, akainyoosha simu mbali na uso jinsi wazee wanavyofanya, akaanza kusoma. Nikaona kwa pembe ya jicho kwamba mkono wake umeshuka.

"Peris," akamwambia dada yake, "Mwidakho Halisi anafuta."

"Anafuta nini?"

"Kila kitu. Maneno yote ya Inspekta. Na yangu yanaenda pamoja na yake." Ng'ombe akalia. Akaangalia. "Hiyo ilikuwa ile ya Malinya, siku uwanja ulijaa maji. Imeenda."

Mama ya Jairus akawaeleza wajomba zangu kwa sauti ya chini kwamba tangu fahali afe, mzee huwa anakaa jioni na simu yake, anasoma yale mabishano kutoka mwanzo, mengine anayasoma kwa sauti na kucheka peke yake, na kwamba kuna wakati alikuwa hali vizuri na ni hayo yaliyomrudisha. Ng'ombe akalia tena. Mzee hakutaja hata ilikuwa ipi. Alitoa tu miwani.

Sasa nisikilizeni. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyejua. Ningekaa pale macho chini, nile kuku wangu, nipigwe picha, niolewe, na Mwidakho Halisi angebaki kuwa mzee fulani mwenye kitambi asiyejulikana alikoenda. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu na niliiona wazi. Lakini kila mlio ulikuwa jibu jingine limeenda, na ni mimi peke yangu katika hiyo sebule niliyejua kwamba mahali fulani kwa simu yangu kuna neno Sitisha. Na nilikuwa nimesikia sauti ya huyo mzee. Nikasimama.

Niliposimama, bangili yangu ikashika kitambaa cha stuli. Mimi nikaenda, kitambaa kikanifuata, na juu ya kitambaa kulikuwa na bakuli la mchuzi. Nikageuka kulidaka, nikaingiza mikono yote miwili ndani, na mchuzi uliobaki ukatua kwa viatu vya mchungaji, viatu vyeusi, vimepigwa rangi vikapigika. Sikuomba hata msamaha. Njia ya kwenda chumba cha ndani ilikuwa inapita mbele ya kiti cha Mzee Shivachi, mahali ambapo mimi sistahili kupita hata nikiwa natembea pole pole na adabu zangu, na mimi nikapita mbio, viatu nimeviacha pale kitini, miguu mitupu, kitambaa kinaning'inia mkononi, mzee wa watu akavuta magoti yake nyuma nisije nikamgusa tukahitaji kuitiwa wazee wa kuondoa mwiko.

Nikapata mkoba, nikatoa simu, na kweli kiduara kile kilikuwa kimeamka na bando la Jairus kinazunguka kwa furaha. Nikabonyeza Sitisha. Haikushika. Vidole vilikuwa na mafuta ya kuku. Nikajipangusa kwa gauni, nikabonyeza, haikushika. Senge Peris akawa ameingia nyuma yangu akidhani nimeugua, akaninyang'anya simu, na kwa sababu yeye ni yeye, akasoma.

"Inafuta maoni ya Mwidakho Halisi," akasoma, kwa ile sauti ya mazishi. "Tafadhali subiri. Bonyeza hapa kusitisha."

Kule sebuleni nikasikia kijiko kimeanguka kwa sahani. Nikabonyeza kwa kiwiko hapo hapo mkononi mwake, ikashika, na ng'ombe hakulia tena.

Senge akanishika mkono akanirudisha sebuleni. Hakunifoka, alinisimamisha tu pale katikati, akasema, "Mwidakho Halisi ni huyu."

Mjomba Wycliffe akafunga macho na kulegeza tai. Jairus akaniangalia, akauliza, "Wewe?" Nikamwambia, "Mimi." Na Mzee Shivachi akasimama, akachukua kofia yake, akatoka nje.

Sijui alikaa huko muda gani. Kwangu ulikuwa wakati wa kutosha kujiona narudi Malinya na wajomba wamenuna, na kumfikiria Jairus akioa mtu wa kwao asiyejua kuandika upuzi. Mama ya Jairus alikuwa amepiga magoti anafuta viatu vya mchungaji, na yule mchungaji, Mungu ambariki popote alipo, akasema, "Wacha Mama, vilikuwa vinahitaji mafuta." Nilitaka kucheka na kulia, nikalia.

Mzee akarudi. Uso ulikuwa umelowa, alikuwa ameenda kunawa kwa tangi. Akaketi, akaweka kofia kwa goti, hakuniangalia, kwa sababu haruhusiwi.

"Peris," akasema. "Muulize huyo msichana. Ile ya ripoti, ilianza aje?"

Senge akanigeukia. "Anauliza ile ya ripoti ilianza aje."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo kando yake na nilikuwa nimesikia kila neno, lakini desturi ni desturi. Nikamnong'oneza Senge. Na Senge Peris, mama wa kanisa, akavuta pumzi, akatangaza mbele ya mchungaji na wajomba zangu na picha ya marehemu: "Anasema Inspekta hapiganangi. Anasema anafika, anakagua uwanja, anarudi nyumbani kuandika ripoti."

Halafu Mzee akamwambia, "Mwambie ripoti iko tayari. Iko kwa mgongo wa Mkandarasi. Wamgeuze wasome."

Senge akaniletea na hiyo, na kabla hajamaliza nikasikia upande wa wenyeji mtu amepasuka kicheko. "Ya kitanda," Mzee akasema. Nikanong'ona. "Anasema mgongo wake ni kitanda cha bweni, katikati pamebonyea." "Mwambie Mkandarasi alilala hapo mpaka asubuhi." Hiyo hata Mama ya Jairus alishindwa kujizuia. Tuliendelea hivyo, mzee anaitisha na mimi natoa, Senge katikati anapokea huku na kupeleka kule mpaka sauti ikaanza kukauka, akaletewa maji. Mjomba Wycliffe akasahau kwamba ana tai, akadakia kutetea Mkandarasi, wenyeji wakamrudishia, na kwa muda sebule ya Shinyalu ikawa uwanja kabisa, Idakho huku Isukha kule, chakula kinapoa. Jairus, ambaye hajawahi kupenda hayo mambo maisha yake yote, alikuwa ameegemea ukuta anarekodi yote kwa simu. Hakuna aliyemtuma.

Nilikumbuka karibu yote. Matusi unayatunga, unayageuza kichwani ukipanga rafu za dawa, kwa hivyo yanakaa.

Halafu Mzee akashika ile kofia gotini. "Sasa muulize ya mwisho," akasema.

Senge akaniuliza. Nikafikiri. Nikataja moja ya pembe, Mzee akatingisha kichwa. Nikataja ya josho. Hapana. Nikamwambia Senge amwambie sikumbuki nyingine, na hiyo ilikuwa kweli, sikukumbuka.

"Mimi nakumbuka," Mzee Shivachi akasema. Na sasa hakuwa anaongea na dada yake, alikuwa anaongea na sakafu. "Wiki tuliyomzika Inspekta huyo jamaa wa blogu aliandika kwamba amekufa. Watu wangu wa hapa waliniambia pole, nunua mwingine. Ndugu zangu waliuliza kama nyama iliharibika. Huyu wa Idakho aliandika, Mzee wa Boma, leo hatupigi kelele. Huyo alikuwa fahali."

Hapo nikakumbuka. Niliandika nikiwa dukani, mteja amesimama anangoja chanjo ya kuku, niliandika haraka haraka kwa kidole kimoja nikaweka simu chini. Sikuwa nimetunga chochote. Nilikuwa tu nimehuzunika kwa sababu adui wangu amekufa na nimekosa mtu wa kutukana.

Senge Peris alitakiwa kuniletea hayo maneno, na hakuniletea. Alikuwa amejifunika uso kwa leso yake. Kwa hivyo ndiyo maneno pekee ya baba mkwe siku hiyo yaliyonifikia bila kupitia kwa mtu, na hakuna mzee yeyote aliyesema ni makosa.

Mzee akavaa kofia. "Mwambieni akae," akasema. "Na aongezwe kuku, wake amenywewa na viatu vya mchungaji."

Nikakaa. Nilikula ile ingokho huku machozi yanaingia kwa mchuzi, na nawaambia sijawahi kula kuku mtamu hivyo na sitawahi.

Ile niliyoisitisha iliokoa machache tu, ya miaka ya mwisho mwisho. Mengine yalipotea na hayarudi, nilimwandikia mwenye blogu akanijibu kwa upole kwamba kilichofutwa kimefutwa. Bado jambo hilo linaniuma, kwa sababu majibu ya Mzee yalikuwa mazuri kuliko yangu, na mimi ndiye niliyeyatoa duniani kwa kuogopa kuonekana. Lakini ile rekodi ya Jairus ipo, na Mzee anaisikiliza jioni, Senge ndiye anayesikika zaidi. Kwa hivyo mimi nashukuru. Nashukuru bando lililoisha, kwa sababu lingetosha pale saluni ningemaliza yote na nisijue nimefanya nini. Namshukuru Jairus kwa kunitumia jingine. Nashukuru sauti ya Senge na viatu vya mchungaji. Na nimejiwekea sheria, sifuti tena neno langu lolote mahali mtu mwingine amelijibu, hata liwe la kijinga namna gani, na kabla ya kubonyeza Ndiyo kwa kitu chochote nasoma mpaka nukta ya mwisho, hata Nelly akinivuta kichwa king'oke.

Tulifunga ndoa. Mvua zilipoanza, ng'ombe mmoja wa pale bomani akazaa ndama dume, mweusi wote, hana doa popote. Siku hiyo hiyo Senge Peris akanipigia simu, nikaiweka mbali na sikio.

"Mzee anasema uje," akatangaza. "Anasema kila mtu hapa anamsifu tu huyu ndama na yeye amechoka. Uje umtukane."

Nikafunga duka nikaenda. Nilimwangalia huyo ndama, amesimama kwa miguu yake inayotetemeka ananyonya, na ukweli ni kwamba alikuwa mzuri sana, kifua kimeshaanza kupanuka, mzuri wa kutisha watu wa kwetu. Lakini nilijua nimeitiwa nini. Nikamwambia Senge amwambie Baba kwamba huyo akikua atafaa kubeba maji ya shule. Baba alikuwa upande ule mwingine wa ua, amenipa mgongo kama inavyotakiwa, na nikaona mabega yake yanacheka.